Wengi Wasome, Wachache Waamuru

Mwishoni mwa mwaka 2014, BSI, idara ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia usalama wa mifumo ya kompyuta, ilitoa taarifa yake ya mwaka. Ndani yake mlikuwa na maelezo mafupi kuhusu kiwanda kimoja cha chuma ambacho hakikutajwa jina. Wavamizi walianza kwa barua pepe za hila walizowatumia wafanyakazi. Kutoka kwenye kompyuta za ofisi wakavuka hadi kwenye mtandao wa uzalishaji, mifumo ya kuongozea mitambo ikaanza kufeli mmoja baada ya mwingine, na mwishowe tanuru la kuyeyushia chuma likashindikana kuzimwa kwa utaratibu unaotakiwa. Uharibifu ulikuwa mkubwa. Mtu asiye mhandisi ana haki ya kuuliza swali la msingi kabisa: barua pepe ya ofisini ina undugu gani na tanuru? Jibu lake ni historia ya zaidi ya miaka hamsini ya kuunganisha vitu ambavyo hapo awali havikuwa na sababu yoyote ya kujuana.

Kiwanda cha kisasa hupangwa kwa ngazi. Chini kabisa, katika ngazi ya sifuri, vipo vitu vinavyogusa kazi yenyewe: vali, mota, pampu, na vitambuzi vinavyopima joto, shinikizo na kimo cha maji tangini. Ngazi ya kwanza ni ya vidhibiti, kompyuta ndogo zenye umbo gumu zinazofungwa ndani ya makabati ya chuma karibu na mashine, ambazo mafundi huziita PLC. Kidhibiti husoma kitambuzi, hulinganisha kilichopimwa na kiwango kilichowekwa, kisha huamuru vali ifunguke au mota ipunguze mwendo, na mzunguko huo hujirudia mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ngazi ya pili ni ya skrini ambazo waendeshaji wa mitambo hukaa mbele yake zamu nzima. Ya tatu husimamia kiwanda kwa ujumla: ratiba za uzalishaji, kumbukumbu za vipimo, ubora wa bidhaa. Ya nne na ya tano ni ofisi, yaani maghala, ankara, mishahara, makao makuu, na nyuma yake intaneti yote. Mpangilio huu ulichorwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Theodore Williams na wenzake katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, nao hawakuuchora kwa ajili ya ulinzi. Walitaka kuziunganisha ngazi, ili agizo la mteja lishuke mpaka kwenye mashine na idadi ya bidhaa zilizotengenezwa ipande mpaka kwa mhasibu. Baadaye wataalamu wa usalama waliuchukua mchoro uleule wakausoma kwa jicho jingine: pale Williams alipoona kiungo, wao wakaona mpaka unaohitaji mlinzi.

Tangu hapo mjadala umegawanya watu katika kambi mbili. Wapo wanaosema kila kitu kiunganishwe, kwa kuwa data ndiyo inayoonyesha wapi umeme unapotea na mashine ipi inakaribia kuharibika. Wapo wanaosema mtandao wa mitambo ukatwe kabisa na dunia. Mimi naona kambi zote mbili zinajibu swali lisilo sahihi. Kati ya ngazi na ngazi hupita vitu viwili vya asili tofauti: habari na amri. Habari hupanda: joto ni nyuzi kadhaa, chupa elfu kumi zimejazwa, mota namba fulani inatetemeka kupita kawaida. Amri hushuka: fungua, funga, ongeza, badilisha programu. Faida nyingi ambazo biashara huzitafuta katika kuunganisha kiwanda hutokana na habari zinazopanda, ilhali madhara makubwa tuliyoyashuhudia mpaka sasa yametokana na amri zilizoshuka kutoka kwa mtu asiyestahili kuzitoa. Basi swali la kuulizwa katika kila mpaka ni hili: nani anaruhusiwa kusoma, na nani anaruhusiwa kuamuru? Kiwanda kinachoweza kulijibu kwa uhakika kinaweza kuunganishwa bila hofu kubwa. Kisichoweza hakitaokolewa na waya uliokatwa.

Ugumu unaanzia chini, kwa sababu lugha zinazotumika huko hazikuwahi kutofautisha mambo hayo mawili kwa uzito unaostahili. Mfano maarufu ni Modbus, utaratibu wa mawasiliano uliotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 ambao hadi leo unatumika katika viwanda vingi duniani. Modbus ni rahisi na wa kutegemewa, lakini katika umbo lake la asili hauna nenosiri wala sahihi, wala njia yoyote ya kumuuliza mtoa amri wewe ni nani. Ujumbe ukifika kwenye kidhibiti ukisema andika thamani hii mahali hapa, kidhibiti huandika. Wabunifu wake hawakufanya uzembe. Mwaka 1979 waya huo uliishia ndani ya chumba kimoja, na mwenye uwezo wa kuugusa alikuwa tayari amepita getini kwa mlinzi. Kosa lilikuja baadaye, miaka ya 1990 na 2000, ujumbe uleule ulipowekwa juu ya mitandao ya kawaida ya kompyuta, ile inayobeba pia barua pepe na nyaraka za ofisi. Utiifu usiohoji wa kidhibiti ulibaki vilevile, huku ukumbi wa wanaoweza kuzungumza nacho ukipanuka bila mtu kuamua kwamba upanuke.

Tazama kilichotokea Ukraine tarehe 23 Desemba 2015. Hiyo ilikuwa mitandao ya umeme na si kiwanda, ila mpangilio wa ngazi ni uleule, na uchunguzi wake umeelezwa hadharani kwa kina kuliko matukio mengi ya viwandani. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, wafanyakazi wa kampuni za kusambaza umeme walitumiwa barua pepe zenye nyaraka zilizobeba programu hasidi. Wavamizi hawakuharakisha. Walikaa ndani ya mitandao ya ofisi wakijifunza, wakakusanya majina na maneno ya siri ya watumiaji, mpaka wakapata yale yaliyotumika kuingia kutoka mbali kwenye mtandao wa mitambo. Njia hiyo ya kuingilia ilihitaji nenosiri peke yake, bila uthibitisho wa pili. Alasiri ya siku ya tukio, waendeshaji walikaa mbele ya skrini zao wakitazama mshale wa kompyuta ukitembea wenyewe na kufungua swichi moja baada ya nyingine. Wateja wapatao 225,000 wa kampuni tatu walikosa umeme kwa saa kadhaa. Kisha wavamizi wakaharibu programu za ndani za vifaa vinavyounganisha vituo vya kupoza umeme na chumba cha uendeshaji, ili swichi zisiweze kurudishwa kutoka mbali, na mafundi ikabidi waende vituoni kwa magari kuzirudisha kwa mikono. Hakukuwa na maajabu ya kiufundi katika kuzima umeme kwenyewe. Mfumo ulifanya kazi yake kama ulivyoundwa: ulipokea amri kutoka mahali uliporuhusiwa kupokea amri. Kilichokosekana ni mtu kujiuliza kwa nini mlango wa kuingilia kutoka mbali uliweza kuamuru, wakati sehemu kubwa ya kazi za mbali ni kutazama tu.

Mwenye msimamo wa kukata mawasiliano atasema hapa ndipo hoja yake inapothibitika: wangekata, wasingevamiwa. Ana ushahidi pia, tena wa kutoka Afrika. Programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya iliposambaa tarehe 27 Juni 2017, kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza maelfu ya seva na makumi ya maelfu ya kompyuta ndani ya muda mfupi, pamoja na nakala za mfumo unaotambua nani ni nani katika mtandao wake wote. Nakala moja tu ilisalimika, ofisini Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko wakati wa shambulio. Ilibidi data hiyo isafirishwe kwa mkono hadi Uingereza ili ujenzi mpya uanze. Sikatai kwamba kutounganishwa kunaokoa. Ninachokataa ni kudhani kwamba kiwanda kinaweza kubaki hivyo mwaka mzima. Kituo cha kurutubisha madini ya urani cha Natanz, nchini Iran, hakikuwa kimeunganishwa na intaneti. Hata hivyo programu iliyoitwa Stuxnet, ambayo iligunduliwa mwaka 2010, ilifika mpaka kwenye vidhibiti vyake vya Siemens. Ilikuwa na uwezo wa kusambaa kupitia flashi, na ilijificha pia ndani ya mafaili ya kazi ambayo wahandisi hubeba kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ikabadilisha mwendo wa mashinepewa zinazozungusha gesi, na sehemu mojawapo ya programu hiyo iliundwa kurekodi vipimo vya hali ya kawaida na kuvirudisha kwa waendeshaji ili waone mambo ni shwari.

Kiwanda kilichokatwa hakiachi kuhitaji programu mpya, taarifa za uzalishaji, na fundi wa kampuni iliyouza mashine. Mahitaji hayo yakikosa njia rasmi hutafuta njia ya panya: flashi mfukoni, kompyuta ya fundi iliyotoka kiwanda kingine juzi, modemu ya simu iliyofungwa kimyakimya ndani ya kabati ili msambazaji aweze kuingia usiku. Njia rasmi ina faida moja ambayo ya panya haina, nayo ni kwamba unaweza kuitazama. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya usalama wa viwanda, mfululizo unaoitwa IEC 62443, havizungumzii sana kukata. Huzungumzia kugawa kiwanda katika kanda kulingana na hatari, kisha kuainisha kila njia inayounganisha kanda moja na nyingine, ili isiwepo njia isiyo na jina na isiyo na mwenyewe.

Kati ya ofisi na mitambo, kanda muhimu kuliko zote ni ile ya katikati, ambayo wahandisi huipa namba tatu na nusu. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilijengwa na watu waliolielewa jambo hili vizuri. Mgeni hupokelewa barazani. Hapo huzungumza, huuza, hununua, huacha ujumbe, na shughuli yake inakamilika bila yeye kukanyaga ndani. Anayetoka ndani humfuata pale alipo. Kanda ya katikati ni baraza ya kiwanda. Seva inayotunza vipimo vya uzalishaji huwekwa nakala yake hapo. Mhasibu na mkurugenzi wanasoma kutoka kwenye nakala hiyo, na kompyuta zao haziwezi hata kuona kwamba vidhibiti vipo. Sheria ya msingi ni kwamba hakuna mawasiliano yanayovuka kutoka ofisini hadi mitamboni kwa mkupuo mmoja. Kila upande hufika hapo katikati, na kila upande huchujwa na faiawoli, kifaa kinachoamua ujumbe upi upite na upi uzuiwe.

Sheria hiyo ni rahisi kuiandika. Kwa miaka mingi ilikuwa vigumu kuitekeleza, na sababu yake inafaa kufafanuliwa kwa kuwa inaonyesha jinsi uamuzi mdogo wa kiufundi unavyoweza kufungua nyumba nzima. Mwaka 1996 watengenezaji wa mifumo ya viwandani walikubaliana juu ya utaratibu wa pamoja wa kubadilishana data, uitwao OPC, ili skrini ya kampuni moja iweze kusoma vidhibiti vya kampuni nyingine. Ulijengwa juu ya teknolojia ya Windows ya wakati huo, ambayo haikutumia mlango mmoja wa mtandao unaojulikana. Mazungumzo yalianzia kwenye mlango mmoja, kisha kompyuta mbili zikachagua mwingine wowote kati ya makumi ya maelfu. Msimamizi wa faiawoli aliyetaka data zipite alilazimika kufungua safu kubwa ya milango hiyo, na faiawoli yake ikabaki kama wavu uliotoboka. Mrithi wake, OPC UA, aliyetoka mwaka 2008, alirekebisha hilo: mlango mmoja, vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha kila upande, sahihi juu ya kila ujumbe, na uwezo wa kumpa mtumiaji mmoja ruhusa ya kusoma na kumnyima ya kuandika. Baadaye ukaongezwa utaratibu ambao mashine iliyo ndani ndiyo inayoanzisha mazungumzo kwenda nje, kwa hiyo faiawoli haihitaji kufungua chochote kwa anayebisha kutoka nje. Utaratibu mwingine, MQTT, ulibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, nao una tabia hiyohiyo: mashine hupeleka habari zake kwa mpokeaji wa kati, na wanaozihitaji huzichukua kwake.

Mahali ambapo hatari haivumiliki kabisa, upo ufumbuzi wa kimaumbile. Kifaa cha njia moja huwa na taa ya kutuma nuru upande wa ndani na jicho la kupokea upande wa nje, vikiunganishwa kwa uzi wa kioo. Upande wa nje hauna taa. Hakuna programu, hata iwe ya kijanja vipi, inayoweza kurudisha ujumbe ndani, kwa kuwa hakuna kitu cha kuutuma. Vifaa vya aina hii hutumika katika vinu vya nyuklia vya Marekani, ambako vipimo huonekana nje na amri kutoka nje hazina pa kupitia. Ni ushahidi mzuri kwamba kusoma na kuamuru vinaweza kutenganishwa kikweli, na kwamba kiwanda kinaweza kuwa wazi sana kwa macho na kimefungwa kabisa kwa mikono.

Kuna pingamizi linalotoka kwa wauzaji wa programu: kwa nini usumbufu wote huu wa kanda, wakati unaweza kusimba mawasiliano yote kwa fiche na kumaliza? Kusimba ni jambo jema, lakini hulinda siri, na siri si hazina kuu ya kiwanda. Mvamizi wa Ukraine alipita ndani ya njia iliyosimbwa vizuri kabisa. Alikuwa na nenosiri sahihi. Kinachohitajika zaidi chini kule ni uhakika kwamba ujumbe umetoka kwa mwenyewe na haukubadilishwa njiani. OPC UA inaruhusu ujumbe utiwe sahihi bila kufichwa, na katika mitandao ya ndani hali hiyo mara nyingi inafaa zaidi, maana mlinzi anaweza kuona kinachopita. Vyeti navyo vina mzigo wake. Cheti huisha muda, na kikiisha saa nane usiku bila mtu kukifuatilia, laini ya uzalishaji inaweza kusimama kana kwamba imeshambuliwa. Kiwanda kisicho na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuvitunza vyeti hakijawa tayari kuvitegemea.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wahandisi wenyewe. Husema kwamba hata amri mbaya ikishuka, upo mfumo wa usalama uliojitenga, wenye vidhibiti vyake maalumu, ambao kazi yake ni moja tu: shinikizo likipita kiwango, kuzima kila kitu. Kwa miongo mingi imani hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2017 ikatikiswa katika mtambo wa petrokemikali nchini Saudi Arabia. Wavamizi walipenya kutoka mtandao wa ofisi hadi kwenye kompyuta ya uhandisi iliyounganishwa na vidhibiti vya usalama vya aina ya Triconex, wakajaribu kupandikiza humo programu yao, iliyokuja kuitwa Triton. Vidhibiti hivyo vina ufunguo wa kuzungusha kwa mkono wenye nafasi ya kuendesha na nafasi ya kuprogramu. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuprogramu. Wavamizi wakakosea kitu katika programu yao, vidhibiti vikagundua hitilafu, na mtambo ukajizima salama mwezi Agosti. Kuzima huko ndiko kulikoanzisha uchunguzi. Mwaka 2020 Marekani iliwekea vikwazo taasisi moja ya utafiti ya serikali ya Urusi kwa kuhusika na programu hiyo. Kwangu mimi hili ndilo tukio la kutisha kuliko yote, kwa sababu anayeizima kinga hataki fidia. Anaandaa mahali pa watu kufa. Ulinzi ulikuwepo, wa chuma, unaoshikika, uliobuniwa hasa kutenganisha kusoma na kuandika. Ulihitaji mkono wa kuurudisha ufunguo baada ya kazi, na utaratibu wa kuuliza kila zamu kama umerudishwa.

Hoja yangu ina mpaka wake, na matukio mawili yanauonyesha. Mwezi Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline, inayosafirisha karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki ya Marekani, ilivamiwa na wadai fidia walioingia kwa akaunti ya zamani iliyolindwa kwa nenosiri pekee. Hakuna amri yoyote ya wavamizi iliyojulikana kufika kwenye bomba. Kampuni ilizima bomba lenyewe kwa tahadhari, na likakaa siku kadhaa bila kusukuma mafuta, huku magari yakipanga foleni vituoni. Miaka miwili kabla, Machi 2019, kampuni ya aluminiamu ya Norsk Hydro ya Norway ilishambuliwa kwa namna kama hiyo katika nchi nyingi kwa mpigo. Nayo ilipata hasara kubwa, zaidi ya kroni milioni 500, lakini haikulipa fidia, na viwanda vyake vya kuyeyushia viliendelea kufanya kazi, vingine kwa mikono, kwa karatasi zilizochapishwa na kumbukumbu za wafanyakazi wakongwe waliojua kazi ilivyofanywa kabla ya kompyuta. Kudhibiti amri hakutoshi, basi. Ngazi ya chini lazima iweze kuishi bila ya juu kwa siku kadhaa, na watu wake wawe wamelizoea jambo hilo kabla halijatokea. Kiwanda ambacho hakiwezi kujaza mfuko wa saruji mpaka seva ya ankara ikubali kimemkabidhi mvamizi amri ya kuzima, hata kama hajaitoa kwa jina hilo.

Wapo pia wanaosema mchoro wa Purdue umezeeka. Vitambuzi vya leo hupeleka vipimo moja kwa moja kwenye seva za mbali, programu za akili bandia hupendekeza mabadiliko ya mwendo wa mashine kutoka nchi nyingine, na ngazi zinakunjamana. Wana haki kuhusu mchoro. Lakini kitambuzi kinachopima mtetemo na kuupeleka nje kwa mtandao wake wenyewe wa simu, bila waya wowote unaorudi kwenye kidhibiti, hakivunji kanuni niliyoitetea, kinaitimiza. Programu inayopendekeza mabadiliko nayo haina tatizo, mradi pendekezo lake liishie kwa mtu au kwa kidhibiti chenye mipaka yake kisichokubali joto lipite kiwango, awe amesema nani. Hatari huanza siku pendekezo linapogeuzwa kuwa amri bila mtu kuidhinisha mageuzi hayo, kwa sababu tu kisanduku cha ruhusa kilikuwa tayari kimetiwa alama.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina sura yake. Mitambo mingi ya saruji, sukari, vinywaji na vyakula hununuliwa Ulaya, India na China, nayo huja na mikataba ya matengenezo ambayo humpa mtengenezaji njia ya kuingia kutoka mbali. Njia hiyo ni ya lazima. Kumsubiri mtaalamu apande ndege huku tani za miwa zikichacha ni hasara isiyo na maana. Lakini mara nyingi huachwa wazi saa zote, kwa nenosiri moja linalotumiwa na mafundi wote wa mtengenezaji, na ikiwa na uwezo kamili wa kuandika. Hapa kanuni ya kusoma na kuamuru inageuka kuwa kazi ya mikono. Mtaalamu wa mbali apewe kusoma wakati wowote, kupitia kompyuta iliyo barazani. Akihitaji kuandika, apige simu, fundi wa zamu afungue njia kwa saa mbili, atazame kinachofanywa, kisha aifunge. Gharama yake ni swichi, daftari na nidhamu. Anayedai kwamba ulinzi ni anasa ya matajiri huwa anafikiria vifaa vya njia moja na wachambuzi wa usiku kucha. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kutenga mtandao wa ofisi na wa mitambo kwa faiawoli moja iliyopangwa vizuri, uthibitisho wa pili kwa anayeingia kutoka nje, na nakala ya programu za vidhibiti iliyofungiwa kabatini, hivyo vyote viko ndani ya uwezo wa kiwanda cha wilayani.

Na asiseme mtu kwamba hakuna atakayetaka kutushambulia. TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengeneza chipu za kompyuta, ilisimamisha sehemu ya uzalishaji wake Agosti 2018 na mwanzoni ikakadiria kupoteza kama asilimia 3 ya mapato ya robo mwaka. Hakuna aliyewalenga. Mashine mpya ilifungwa na kuunganishwa bila kukaguliwa, ikiwa na namna ya kirusi cha WannaCry, kile kilichozunguka dunia mwaka uliotangulia. Kirusi hakisomi anwani ya kiwanda, na hakijui kama kipo Hsinchu ya Taiwan au Morogoro.

Ununuzi ndio wakati ambao mwenye kiwanda ana nguvu kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mashine itakaa naye miaka ishirini na muuzaji bado anataka kusaini. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria ya ustahimilivu wa mtandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024 na ambayo matakwa yake makuu yatatumika kuanzia Desemba 2027. Inawalazimu wanaouza bidhaa za kidijitali katika soko hilo kuziuza zikiwa na mipangilio salama tangu mwanzo na kuendelea kuzitolea masahihisho ya usalama. Sheria hiyo haitulindi sisi tulio nje ya soko lake, ila watengenezaji walewale wanaotuuzia mitambo watakuwa wamekwisha kuitekeleza kwa wateja wao wa nyumbani. Zabuni ya Dar es Salaam, Kampala au Mombasa inaweza kudai hayohayo kwa maandishi: mashine itumie utaratibu unaotenganisha ruhusa ya kusoma na ya kuandika, nenosiri la kiwandani libadilishwe kabla ya makabidhiano, muuzaji ataje masahihisho atayatoa kwa miaka mingapi, na njia yake ya kuingia kutoka mbali iwe na swichi inayoshikwa na mnunuzi.